Sare ya Shaabani na Faruk

Shaabani hulala chali chini ya magari ya watu tangu asubuhi, na jioni mgongo humdai. Mbele ya gereji yake, pale Cibitoke, kuna viti viwili tu, vilivyong'olewa kwenye basi bovu, na katikati yake ubao wa dama unaochezwa kwa vizibo vya soda. Sheria ya pale haina huruma: anayeshinda hubaki amekaa, anayeshindwa huinuka ampishe mwingine. Miaka yote Shaabani ameshinda ili apate kukaa, basi. Ubingwa wa nini, mtu kachoka?

Kisha Faruk, rafiki yake wa tangu utoto, akapigwa na kiharusi, mguu mmoja ukalegea. Siku aliyorudi na fimbo yake, Shaabani alimwinukia ampe kiti.

"Apana! Mi si mutu wa kuonewa huruma," Faruk akasema, akaenda zake.

Siku nyingi hakuonekana. Shaabani aliumia moyo. Dama bila Faruk ilikuwa kelele tupu.

Ijumaa moja akaja, akasimama kungoja zamu kama wengine, mguu ukimtetemeka. Alipokaa mbele ya Shaabani, fundi huyo akauona mwanya. Anayeshindwa huinuka, sawa. Na asiposhindwa mtu?

Wakatoka sare. Kesho yake sare, na keshokutwa. Msidhani ni kazi rahisi: kushinda unajilinda mwenyewe, lakini sare unamlinda na mwenzako, tena asijue. Sasa kichwa kilimuuma Shaabani kuliko mgongo.

"Muzee, match nul tena?" Moïse, mziba matairi, alilalamika. "Batu batasimama mpaka lini?"

"Sheria iko sheria. Nionyeshe mwenye ameshindwa, ainuke."

Jioni moja uchovu ukamzidi. Alikuwa ameshusha injini peke yake, macho yanajifunga yenyewe, akasogeza kete mahali pa kijinga kabisa. Moïse akacheka kwa furaha: Faruk angeruka mara moja tu, akale kete tatu, mchezo uishe. Na kwenye dama kula ni lazima. Usipokula, mwenzako huipuliza kete yako na kuitoa ubaoni. Shaabani alipawazia pale atakaposimama, akatamani kulia.

Faruk aliutazama ubao kwa muda mrefu. Kisha akasukuma kete nyingine, ya pembeni.

"Muzee Faruk, hauone? Kula!" Moïse akapiga kelele.

"Sikuona."

Faruk asione! Simba akinyeshewa msimdhanie paka.

"Shaabani," akasema, "nipulize."

Shaabani akaipuliza ile kete iliyoacha kula, akaitoa. Ubao ukawa sawa kwa sawa, hakuna wa kuinuka. Moïse akaondoka akisonya. Faruk akainama juu ya vizibo.

"Tangu ile Ijumaa najua," akanong'ona. "Kaa, ndugu yangu. Hata we umechoka."