Goti la Nakwang

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa teke na punda kabla sijasaini kitabu cha mahudhurio. Ilikuwa Lodwar, uani mwa ofisi ya mifugo. Mama mmoja alikuwa amemleta punda wake asafishwe kidonda cha mgongoni, nami, msichana mwenye cheti kipya cha chuo ndani ya bahasha, nikamwendea mnyama kwa nyuma. Mkuu wa Kituo alitoka mlangoni, akanitazama nimekaa mchangani nimeshika paja.

"Punda amekufundisha bure," alisema. "Sasa ingia usaini."

Huyo ndiye bosi wangu wa kwanza, na sijapata mwingine aliyejua kutazama kama yeye. Siku za mnada alinisimamisha kwenye ua wa mbuzi, mikono nyuma, akaniuliza yupi mgonjwa. Nikitaka kuingia kushika, alinirudisha. "Usimguse kwanza. Mwangalie anavyosimama. Mbuzi hajui kudanganya kwa miguu." Baada ya mwaka mmoja nilikuwa naweza kumwonyesha mgonjwa kabla mwenye mbuzi hajamjua.

Kutoka Lodwar nilipelekwa Lokitaung. Huko tulikimbizana na loukoi, homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo huingia bomani kwa kikohozi kimoja na kutoka na nusu ya kundi. Kazi yangu ilikuwa kulinda ubaridi wa chanjo. Chanjo ikipata joto ni maji tu, na Turkana joto haliombi ruhusa. Tulibeba masanduku ya barafu yaliyofunikwa magunia mabichi, tukatembea alfajiri, na jua likipanda tulikuwa tumeshamaliza. Kisha nikahamishiwa Kainuk. Pale nilijifunza kushona, maana ng'ombe waliorudishwa kutoka kwa wezi walikuja na majeraha ya kila namna. Nilipofika Kakuma, nikiwa Msaidizi Mkuu wa Afya ya Mifugo, mkono wangu ulikuwa hauna wasiwasi tena. Nilijua mbuzi, nilijua ngamia, nilijua punda kutoka pande zote mbili. Farasi nilimjua kwa picha za kitabuni.

Farasi tuliletewa na wafadhili wa mradi mmoja wa chanjo. Walitaka wachanjaji wafike kwenye maboma ya milimani, kusikofika gari. Tuliwaambia ngamia angefaa zaidi. Lakini mkuu wa mradi alipenda farasi, na basi wakaja wanne kwa lori kutoka nyanda za juu, wakashuka Kakuma wakitutazama kana kwamba sisi ndio wageni. Mmoja alikuwa jike jeupe, mpole, mwenye kupenda kutangulia. Wachanjaji walimwita Nakwang, yaani mweupe. Alipangiwa Ewoi, mchanjaji wetu hodari kuliko wote, mtu mzima mwenye watoto watatu, ambaye alijifunza kupanda farasi kwa wiki mbili na kuanzia hapo hakutaka kuonekana akienda kwa miguu.

Asubuhi moja ya Jumatatu Ewoi aliingia uani kwangu akimvuta Nakwang kwa hatamu. Yeye mwenyewe alikuwa amechubuka uso na mkono mmoja ameuning'iniza. Farasi alikuwa anatembea kwa miguu mitatu. Mguu wa mbele wa kulia ulikuwa umefungwa shati, na shati limegandamana.

"Ejok, daktari," alinisalimu. Watu waliniita daktari, ingawa shahada sikuwa nayo.

"Ejok noi. Nini tena hii, Ewoi?"

"Tumeanguka. Asubuhi hii, hapo tu kwenye mawe ya mto Tarach. Alijikwaa, akapiga magoti, mimi nikaruka mbele."

Nililowesha shati, nikalibandua polepole. Ngozi ya mbele ya goti ilikuwa imefunguka kama mdomo, upana wa kiganja changu. Ndani mlikuwa na mchanga, na ute wa manjano ulikuwa ukidondoka taratibu, wenye kuvutika kama ute wa yai. Kingo za jeraha zilikuwa zimekauka na kujikunja, na nzi walikuwa wameshataga. Jeraha la asubuhi halina sura hiyo.

Hapa nieleze kidogo. Goti la mbele la farasi kwetu sisi ni kifundo cha mkono. Lina mifupa midogo iliyopangwa safu mbili kama matofali, na kati yake kuna ute unaolainisha. Ngozi ikichanika peke yake, unaosha, unashona, unasubiri. Lakini mfuko wa ute ukitoboka, uchafu unaingia ndani ya kiungo, na kila saa inayopita unazidi kuota mizizi. Ndiyo maana saa ya ajali ni dawa ya kwanza. Ukiambiwa saa ya uongo, hata dawa nzuri unaipima vibaya.

"Ewoi," nikamwambia, "mimi siye niliyekuajiri na siwezi kukufukuza. Goti hili ni la lini?"

Aliangalia chini. Alimshika farasi shingoni kwa mkono wake mzima.

"Jana," akasema. "Jana adhuhuri. Nilimchukua bila ruhusa, nikaenda Pelekech, mama mkwe anaumwa. Nikirudi nilimkimbiza, nilitaka nifike kabla hamjajua. Nilimwona amechoka, daktari. Nilimwona, na bado nikampiga kisigino." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Andika asubuhi. Tafadhali. Nina watoto."

Nilichukua sindano ndefu, nikaidunga upande wa pili wa goti, mahali ngozi ilipokuwa nzima, nikasukuma maji safi ya chumvi, yale ya dripu. Kiungo kikiwa kizima, maji hubaki ndani na goti huvimba kidogo. Kikiwa kimetoboka, maji hutokea kidondani. Yalitokea, yakimwagika juu ya kidole gumba changu pamoja na chembe za mchanga.

Nilimpigia simu Daktari Mkuu wa Mifugo kule Lodwar. Alikuwa mtu wa maneno machache, msomi, mwenye kuheshimu kazi. Nilimweleza nilichokiona, na nikamwambia saa ya kweli.

"Akiru," alisema, "farasi si mbuzi. Mbuzi utamlaza, atakula amelala, atapona. Farasi lazima asimame. Akiacha mguu mmoja, wa pili unabeba mzigo mpaka kwato yake inawaka ndani, na hapo umepoteza miguu miwili. Goti lililofunguka tangu jana, Kakuma, kwa joto hili? Mwondolee mateso."

"Anakula, daktari. Masikio yake yamesimama."

"Hiyo si hoja ya kitabibu."

"Nipe siku saba. Akikataa kula hata mara moja, nitamlaza mwenyewe kwa sindano, sitakungoja."

"Siku saba," alisema. "Ya nane nakuja kumwona. Na ripoti iwe kamili."

Nilikata simu nikijua kwamba nimeomba siku saba za kutibu mnyama nisiyemjua. Hilo sikuona haya kulikubali. Nilimtuma Ewoi kwenye kambi ya wakimbizi amtafute Adam.

Adam alikuwa mkimbizi kutoka Sudan, magharibi kabisa, mtu wa makamo aliyeuza maji kwa mkokoteni wa punda. Kila farasi wetu walipopita barabarani, yeye alisimamisha mkokoteni na kuwatazama mpaka wapotee. Alikuja mara moja, akaacha mitungi yake getini. Hakuliangalia goti. Alimwendea Nakwang ubavuni, akampulizia pua taratibu, akamwekea kiganja juu ya jicho.

"Farasi hii anaogopa," alisema. "Mtu akiogopa, yeye ataogopa zaidi. Wewe dada daktari fanya kazi yako, mimi nakaa hapa kwa kichwa. Shweya shweya, polepole."

"Uliwahi kufuga?"

"Baba yangu alikuwa na farasi kumi na moja. Mimi nilitoka na moja. Ilifia njiani."

Akarudisha kiganja juu ya jicho la Nakwang.

Tuliosha kiungo kile kwa maji ya dripu, chupa baada ya chupa, yakiingia upande mmoja na kutoka mwingine, mpaka yalipotoka meupe. Nikaacha dawa ya kuua vijidudu ndani ya kiungo chenyewe na nyingine nikaipitisha kwenye mshipa wa shingo. Kidonda sikukishona chote. Niliacha mlango chini ili usaha ukija upate pa kutokea. Kisha likaja suala la gango, kile kigongo cha kuufunga mguu usikunjike. Hatukuwa na gango la farasi popote Turkana. Nilikwenda kwa fundi bomba, nikapata bomba nene la plastiki, nikalipasua kwa urefu kwa msumeno, nikalainisha kingo na kuzungushia pamba na blanketi. Lilikaa nyuma ya mguu kama lilipimwa.

Adam ndiye aliyefikiria miguu mingine. Alichimba kivulini shimo la kina cha mkono, akalijaza mchanga laini wa mtoni, akaumwagia maji ya mitungi yake. "Aweke uzito kwa mchanga," alisema. "Mchanga inapanda ndani ya kwato, inabeba yote." Kila asubuhi na alasiri alipapasa kwato ile ya mguu mzima kutafuta joto, na mimi nilijifunza kupapasa kwa kumwiga.

Siku nne mambo yalikwenda vizuri. Siku ya tano nilifika nikamkuta Nakwang ameunyanyua mguu kabisa, ncha ya kwato haigusi mchanga, jasho limemtoka kifuani. Nyasi za asubuhi ziko vilevile. Ewoi, ambaye hakuwa ametoka uani tangu siku ile, alikuwa ameketi ukutani akilia waziwazi.

Ahadi yangu niliikumbuka. Nilikwenda kabatini nikavuta dawa ile ya mwisho kwenye bomba la sindano, nikarudi nayo mfukoni. Adam aliliona.

"Hajakataa kula," alisema. "Hizi nyasi zimekauka. Lete kitu mbichi uone."

Ewoi aliinuka akakimbia. Alirudi na kipande cha tikiti maji kutoka kwa mama Mburundi aliyekuwa na bustani ng'ambo ya barabara. Nakwang alikinusa. Kisha akaking'ata, maji yake yakamtiririka kidevuni, akatafuta kingine.

Niliweka bomba lile chini. Nilifungua bandeji. Ule mlango niliouacha ulikuwa umezibwa na damu iliyoganda, na usaha ulikuwa umekwama nyuma yake. Niliuzibua, tukaosha upya tangu mwanzo, chupa zote zilizobaki. Kufikia alasiri aligusisha ncha ya kwato chini.

Siku ya nane Daktari Mkuu alifika. Alivua koti, akapiga goti mchangani kwa suruali yake safi, akalipapasa goti, akapapasa kwato ya pili, akanusa bandeji. Nakwang alikuwa amesimama kwa miguu minne.

"Nani alitengeneza hili gango?"

"Mimi."

"Na mchanga?"

Nilimwonyesha Adam. Daktari Mkuu alimpa mkono. "Umetupa somo, bwana," alimwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Ripoti."

Nilimpa. Ewoi alikuwa amesimama karibu na tangi la maji. Niliandika kila kitu: Jumapili, adhuhuri, bila ruhusa, mnyama aliyechoka. Niliandika pia kwamba aliyeanguka alisema kweli alipoulizwa mara ya pili, na kwamba hakuondoka upande wa mgonjwa siku zote nane. Yote mawili yalikuwa kweli, na sikuona ni lipi nilifute.

Alisimamishwa kazi miezi mitatu na hakuruhusiwa tena kupanda farasi. Mkewe alikuja kwangu akaniambia maneno makali mbele ya watu, nami nilimsikiliza mpaka mwisho. Ewoi mwenyewe hakunisemesha kwa wiki nzima. Lakini kila asubuhi nilimkuta anamkatia Nakwang majani. Miezi mitatu ilipokwisha alirudi kuchanja, kwa miguu, na akabaki yuleyule hodari.

Goti lilipona likiwa gumu. Nakwang hakubebeshwa mtu tena. Mradi ulipofungwa farasi wengine walirudishwa nyanda za juu, yeye akabaki uani kwetu miaka tisa, akichechemea kidogo na kuwatangulia mbuzi wagonjwa kwenye birika la maji. Wanafunzi wa mafunzo ya nyanjani walijifunzia kwake kupapasa kiungo. Adam alipopata safari ya kwenda ng'ambo na familia yake, alikuja kukaa naye kivulini tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha akanipa mkono akaondoka.

Nakwang alikufa kwa uzee, mwezi mmoja kabla ya kustaafu kwangu. Nilimwomba Ewoi anisaidie kulifungua goti, kwa sababu kwa miaka yote tisa nilitaka kujua ndani mna nini. Yale matofali hayakuwapo tena. Mifupa ya safu ya chini ilikuwa imeungana, mfupa mmoja, mgumu na laini kama jiwe la mto. Kwenye kona moja, ndani kabisa ya mfupa, palikuwa na punje tatu za mchanga ambazo sikuwa nimezitoa siku zile. Mwili ulizizungushia mfupa, ukaendelea na kazi.

Ewoi aliuzungusha mfupa ule mkononi kwa muda mrefu. "Kumbe hatukumsafisha vizuri," alisema.

"Hatukumsafisha vizuri," nikakubali. "Tulimsafisha vya kutosha."

Sasa nakaa Lodwar, na vijana wa idara hunitumia picha za vidonda kwenye simu. Wana vipimo ambavyo sisi hatukuviota, na wengi wao wananizidi kwa masomo. Wananiuliza kama inawezekana kuponya. Mimi huwauliza mnyama anakula nini, nani anamshika kichwa, na wamemuuliza nani anayemjua kuliko wao. Wakishanijibu hayo matatu, nawaambia waanze.