Tapeti za Gari la Baba

Nikisikia harufu ya mafuta ya taa, nakumbuka uani kwetu Buzebazeba, baba akiosha vyuma vya injini, tapeti mpya, vile vyuma vidogo vya kusukuma valvu, kazipanga kwenye ungo wa mama. Za zamani ziligonga kama cherehani, na kesho yake tulipaswa kumfuata bibi kijijini Kalinzi, tumlete hospitali akatibiwe macho.

“Baba watoto, ukiliua hili gari, mama yangu atapofuka,” mama alisema.

Baba alikaza nati ya mwisho, akawasha. Mama, aliyezoea zile kelele, hakusikia mgongo wowote, akajifunika uso kwa kanga.

“Limekataa!”

Baba akamshika mkono, akauweka juu ya boneti. Boneti ilikuwa ikitetemeka taratibu. Mama akacheka huku machozi yakimtoka, nami nikaweka mkono wangu juu ya wake.