Mguu wa Masanja Uliokataa Kuunga

Nilitoka Masumbwe kwa sababu ya mguu wa shemeji yangu Masanja, mume wa dada yangu. Alikuwa akichimba dhahabu huko Geita, na siku moja gogo la kuzuia udongo likamwangukia likavunja mfupa wa muundi. Mwaka ukapita na zaidi, mfupa haukuunga. Kati ya goti na kifundo, mguu ulipinda kana kwamba una goti la pili. Mtu wa zahanati alisema labda ukatwe. Dada yangu, Mama Kulwa, alilia sana. Nikasema tumpeleke kwanza hospitali ya misheni upande wa Shinyanga, tuone Mungu ametuwekea nini huko.

Asubuhi ya safari tulimlaza juu ya marobota, katika lori la pamba.

"Shemeji," akasema, "mguu ukibaki huko, usinidai nguo za kuuzikia."

"Nyamaza. Wewe mwenyewe huna nguo."

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini kila gurudumu lilipoingia shimoni alinikamata mkono, nikajua anavyoogopa.

Jioni tulifika Nyahanga, Kahama, kwa Mzee Hamisi, mwuza chumvi. Hakuwa akitujua, ila alipoona mguu alitandika mkeka wake mwenyewe. "Ninyi mtamwombea kanisani kwenu, nasi tutamwombea msikitini hapa," akasema. "Mguu mmoja hauwezi kukataa dua za watu wote hawa."

Kesho yake alasiri tukaingia hospitalini. Daktari, mzungu mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliuliza nani aliyemfunga mguu hapo kwanza. Masanja akamweleza desturi yetu: siku mganga wa mifupa anapomfunga mtu, humvunja kuku mguu na kumfunga vivyo hivyo, kwa vijiti na dawa ileile. Kuku akitembea, mtu naye hufunguliwa.

"Na kuku alipona?"

"Alipona vizuri, Daktari. Tulimla. Nikafungwa mara ya pili, na kuku wa pili naye akapona, tukamla pia."

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Kisha akasema, "Mganga wenu anajua kufunga. Lakini mfupa wa kuku huunga upesi, na wa mtu mzima hutaka miezi. Mlimfungua mapema, akaukanyaga, ncha za mfupa zikasuguana mpaka zikaota kovu. Kovu haliungi."

"Utaukata mguu?" nikauliza.

"Nitakata kovu."

Akamlaza kwa dawa ya usingizi. Alikwangua ncha zile mpaka zikatoka damu, akachukua vipande vya mfupa nyongani mwa Masanja, akavipanga penye pengo, kisha akaufunga mguu kwa plasta tangu pajani hadi vidoleni. Nilimsifu Mungu aliyeweka akiba ya mfupa ndani ya mtu mwenyewe.

"Nimejiibia nyonga," Masanja alisema alipozinduka. "Mwizi mimi, mwenye mali mimi. Nani atanishtaki?"

Nilikaa naye nikimpikia uji, kama ndugu wa wagonjwa wengine uani pale. Mvua zilikuja zikaisha. Mara nyingi alinisihi tuipasue plasta atazame kidogo tu. Nilikataa, ingawa nami nilitamani kuona. Daktari alipita kila asubuhi, akamsalimu, "Mwangaluka, Masanja," akagonga plasta kwa kidole, akaenda zake. Sijaona mtu mwenye ujuzi mkubwa namna ile akiwa na haraka ndogo namna ile.

Siku ya kufungua, mguu ulitoka mwembamba, umepauka. Daktari alishika goti kwa mkono mmoja na kifundo kwa mwingine, akausukuma katikati. Haukupinda. Akasukuma tena. Masanja alifumba macho, machozi yakamtoka.

Tulirudi Masumbwe kwa lori, akiwa ameketi na magongo yake. Mama Kulwa alikimbia kumshika.

"Niache, mke wangu," akamwambia. "Nitachelewa, lakini nitafika."

Basi tukamwacha. Zamani niliomba, "Bwana, ponya upesi." Siku hiyo, sote tukiwa tumesimama kwenye jua kali tukimngojea avuke ua mdogo ule, sikuomba upesi. Nilishukuru kwa kila hatua, hadi akashika mwimo wa mlango wake.