Mia Nne na Tisini

Clement Wojtas alikuwa mtu wa sauti ya chini. Hata akinunua mkate, muuzaji alilazimika kumuuliza mara mbili anataka nini. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, msafishaji wa shule ya msingi pale Nanticoke, Pennsylvania, na kitu kilichomtisha kuliko vyote ni kutaja bei. Kila Jumamosi wakusanyaji wa kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, walitandaza mali zao kwenye meza za kukunja katika ukumbi wa zimamoto. Wenzake walibishana kwa maelfu. Yeye alikaa pembeni na kioo chake cha kukuzia, akiangalia pembe za kadi za watu, na la kusema likawa moja tu: "Hii pembe imechoka kidogo," au "Hii nzuri."

Mtu wa namna hiyo huaminiwa. Ndiye waliyempa kazi ya kutuma kadi zao California, kwenye kampuni ya kuzipima. Kampuni huipa kila kadi alama, kuanzia moja hadi kumi, kisha huifunga ndani ya kasha la plastiki. Kadi ikirudi na alama ya juu, bei yake huruka. Clement alizikusanya zote, akazijaza kwenye fomu moja kwa jina lake, na akampa kila mwenye kadi nakala ya fomu hiyo, ili asije mtu akasema hakuoneshwa.

Kwenye fomu kuna safu ya thamani. Mwenyewe unaandika kadi yako ina thamani gani, na ada hufuata ulichoandika. Chini ya dola mia tano, unalipa ishirini na tano. Ukivuka hapo, ada hupanda kama ngazi hadi mia sita. Basi pale ukumbini palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeihoji: kadi zote, nzuri kwa mbovu, huandikwa mia nne na tisini. Mzee Gus, aliyewafundisha wengi mchezo huu, alikuwa akisema, "Andika mia nne na tisini, busu bahasha, nyamaza." Upande wa pili wa desturi hiyo haukuzungumzwa. Kadi ikipotea, unalipwa ulichoandika, wala haiongezwi senti.

Mwezi wa Oktoba Bi Bernadine Sosnak alimletea kadi moja, imelala katikati ya kitabu cha sala. Ilikuwa ya mwaka 1954, ya mchezaji chipukizi ambaye baadaye alikuja kuwa na jina kubwa. Mumewe, Casimir, aliipata utotoni ndani ya pakiti ya ubani wa kutafuna, akaitunza maisha yake yote. Casimir alikuwa amefariki wakati wa Pasaka. Mjane alitaka kuiuza ili amwekee jiwe la kaburi la maana.

"Ni ya kiasi gani, Clement?" alimuuliza.

"Tuwaachie wao waseme, Bi Bernadine," akajibu, akiangalia viatu vyake.

Alijua. Alipoinua kadi ile kwenye mwanga, pembe zake zilikuwa bado nzuri. Lakini kutaja maelfu kwa mjane, halafu kampuni ikatoa alama ndogo, lilikuwa jambo asiloweza. Akarudi nyumbani, akaandika kama walivyozoea: mia nne na tisini.

Hofu ya kwanza ilimshika Novemba. Kifurushi kiliingia Memphis kwenye ghala la wasafirishaji, kisha kikatoweka. Clement alitazama simu yake akiwa anapiga deki, akiwa anamwaga taka, akiwa chooni. Siku ya kwanza hakuna, ya pili hakuna. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, siku ambayo kina mama wa parokia hukunja pierogi, chapati ndogo za Kipolandi zilizojazwa viazi, za kuuza kwenye chumba cha chini cha kanisa, na Clement huwaoshea masufuria. Bi Bernadine alimfuata akiwa na unga hadi viwikoni.

"Kadi ya Cas imefika?"

"Imefika," alisema Clement. "Salama kabisa."

Neno lilimtoka kabla hajalishika. Akarudi kwenye sufuria na kulisugua mahali palipokwisha kung'aa. Kesho yake jioni kifurushi kilionekana, na Jumatatu kikafika kweli. Lakini uongo ule haukwenda na kifurushi. Ulibaki naye.

Januari barua ya kampuni ikamkuta kwenye bwalo la chakula la shule, ndoo mkononi. Kadi ya mwaka 1954 imepata alama saba. Thamani iliyotajwa kwenye fomu hailingani na thamani halisi. Nyongeza ya ada ni dola mia tano sabini na tano, na mpaka zilipwe, kadi zote kumi na nne za oda hiyo zimezuiwa. Clement alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfikia kifuani. Kadi kumi na tatu za wenzake na moja yake, na jina lililoandikwa juu ni lake peke yake.

Alipiga simu California. Muziki ulimwimbia kwa dakika arobaini kabla mwanamke mmoja mwenye sauti ya upole hajapokea. Clement akajikaza, akaomba ada ipunguzwe.

"Inawezekana, bwana," mwanamke alisema. "Unaandika pingamizi. Unatueleza kwa maandishi, na sahihi yako, kwamba kadi hii thamani yake haizidi mia nne na tisini."

"Na nisipoandika?"

"Basi utakuwa umekubali kwamba inazidi."

Alishukuru, akakata simu, akabaki ameishika. Milango ilikuwa miwili na nyuma ya kila mmoja kulikuwa na nyoka. Akiandika pingamizi, ametia sahihi kwamba kadi ya Casimir ni kitu hafifu. Akilipa, amekiri kwamba muda wote alijua ni mali. Miaka sita nyuma, mwenye duka mmoja kule Wilkes-Barre, Farris, alikuwa akichukua kadi za wajane kwa kisingizio cha kwenda kuzipima, akiziandika bei ya chini, kisha akizinunua kwa bei hiyohiyo. Alifungwa. Mpaka leo mtu akitaja jina lake pale ukumbini, kuna anayetema mate.

Hakupata siku mbili za kufikiri. Rick Dunleavy, mkwe wa Bi Bernadine, alikwenda kumtengenezea mama mkwe wake bomba, akaiona nakala ya fomu kwenye mlango wa friji, imebanwa kwa sumaku. Jioni hiyohiyo akampigia Clement.

"Kaka, hebu nisaidie kidogo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetabasamu bila kufurahi. "Nimeangalia mtandaoni. Kadi kama hii wanauza elfu kumi na zaidi. Wewe umeandika mia nne na tisini. Ulikuwa umepanga kuinunua kwa mama kwa bei hiyo? Halafu umwongezee na keki ya asante?"

Clement alihamishia simu sikio la pili.

"Umekaa kimya. Farris naye alikuwa mkimya hivyohivyo. Jumapili baada ya misa, saa sita, uje ueleze mbele ya mama. Usipokuja, Jumatatu nakwenda polisi, na kutoka hapo napita kwa mwalimu mkuu wako. Nataka ajue nani anabeba funguo za shule."

Tangu saa hiyo hadi Jumapili, Clement hakula cha maana. Shuleni, kila mara mwalimu mkuu alipopita kwenye korido, alijibanza na fagio lake ukutani. Akaona jinsi jina la mtu linavyopotea. Baba yake aliishi pale miaka sabini na tatu asidaiwe na mtu, na yeye atalimaliza jina hilo kwa tarakimu tatu alizoandika kwa mazoea.

Jumapili alikwenda. Jikoni kwa Bi Bernadine palinuka kabichi na siagi. Rick alisimama karibu na sinki, mikono kifuani. Fomu ilikuwa mezani. Bi Bernadine alivaa miwani na kumwonesha kiti.

"Kaa, Clement. Eleza."

Alieleza, kwa vipande. Ada, ngazi zake, desturi ya ukumbini, barua ya Januari. Rick akacheka kwa pua.

"Desturi, ee? Mwizi akipata wenzake, wizi nao unakuwa desturi."

Clement akanyoosha kidole, akakiweka kwenye fomu, mstari wa tisa. Bi Bernadine akainama, akasoma polepole kama asomavyo matangazo ya misa. Jina la mwenye kadi: C. Wojtas. Thamani: mia nne na tisini.

"Hii si ile ya baba yako?" aliuliza.

Clement akatikisa kichwa kukubali.

"Hiyo inathibitisha nini?" Rick alisema.

"Inathibitisha kwamba hujui kitu, Rick. Kadi hii baba yake alimpa akiwa kitandani hospitali. Mwaka juzi Gus alimwekea dola elfu nne mezani, watu wote wanatazama, huyu akaifunika kwa mkono kama mtu anayefunika mshumaa." Akavua miwani. "Hakuna anayejiibia mwenyewe."

Rick akageuka dirishani, akatazama theluji. Clement alidhani yamekwisha, akavuta pumzi. Lakini Bi Bernadine alikuwa bado anamtazama.

"Wizi sikuuamini hata kabla hujaja. Kuna kingine. Gus aliniambia kifurushi kilipotea siku nne Memphis. Ijumaa ile, kwenye masufuria, wewe ulikuwa unajua?"

Hapa ndipo hofu yote ya majuma yale ilipojikusanya mahali pamoja. Polisi, mwalimu mkuu, vyote vikawa vidogo.

"Nilijua, Bi Bernadine."

"Na kama isingeonekana, ningepewa mia nne na tisini, na jiwe la Cas lingekuwa tofali. Ili mimi niokoe ada. Na hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kutaja bei."

Sufuria lilichemka hadi likamwagikia jiko, na Rick ndiye aliyekwenda kuliondoa. Kisha Bi Bernadine akasema ada italipwa na yeye mwenyewe, pingamizi lisiandikwe, kwa kuwa hakuna atakayetia sahihi kwamba kitu cha Casimir ni hafifu. Hakusema amemsamehe. Alimpakulia sahani ya kabichi na tambi, na Clement akala.

Kifurushi kilirudi Februari. Clement alikipeleka kwa Bi Bernadine bila kukifungua. Mama alikikata kwa kisu cha kukatia unga, akatoa kasha la Casimir, akaliweka mezani kando ya kitabu cha sala. Rick alikuwepo pia. Alimvutia Clement kiti.

"Safari hii nitaikatia bima kabla ya kuiuza," alisema Bi Bernadine. "Wanataka thamani. Kwa hiyo sema, Clement. Ni ya kiasi gani?"

Clement alitazama viatu vyake, kisha akainua macho.

"Elfu kumi na moja," alisema. Ilisikika mara ya kwanza, hakuna aliyemuuliza tena.

Mama akamsukumia karatasi na kalamu. Clement akaandika. Tarakimu zote tano zilisomeka.