Mapovu ya Kisima cha Mama Amoit

Safari yangu ya Malaba ililetwa na kiberiti. Mama Amoit, mjane wa huko, alichimba kisima kando ya kinamasi, maji yakatoka na mapovu, jirani akawasha kiberiti, puu! Tangu siku hiyo shemeji yake, Mzee Omuse, alitangaza kwamba ukoo umekalia gesi ya asili, na dalali alishapatikana. Ikithibitishwa, shamba linauzwa na mama anahama. Mama mwenyewe akanipigia: "Dada wa maabara, kuja upime. Lakini mimi hapa sitoki." Jamani, mimi kwa safari sibembelezwi!

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Eldoret na chupa mbili za kioo. Webuye nikala mahindi ya kuchoma, Bungoma nikaongeza ndizi. Karibu na Malaba foleni ya matrela ikatuzuia, nikashuka nikapanda boda, nikiimba njia nzima.

Saa tano nilifika. "Yoga, dada!" mama akanisalimu kwa lugha yao, akanikumbatia. Nikafungua mkoba. Ole wangu! Mpira wa kuvutia gesi ulibaki mezani kazini. Nilicheka mpaka machozi, maana lingine la kufanya sikuwa nalo. Mama akaingia ndani, akatoka na mrija mrefu wanaonywea ajono, ile pombe ya wimbi.

"Kwani gesi itakataa kupita hapa?"

Haikukataa. Chupa ya kwanza ikajaa. Ya pili niliijaza kwa mkono, bila mrija, nimelala kifudifudi ukingoni: chupa imejaa maji, imepinduliwa kisimani, mapovu yakipanda na kuyafukuza maji. Aliyenishika miguu ni Omuse.

"Shika vizuri, mzee!"

"Siwezi kuachilia. Si wewe ndio utaniambia mimi ni tajiri?"

Kesho yake, Eldoret, niliwasha mashine. Huisukuma gesi ndani ya bomba jembamba, refu ajabu, na kila aina hutoka kwa wakati wake, kama waumini katika mlango mmoja wa kanisa, ikichora kilima kwenye skrini. Gesi inayotafutwa na makampuni mara nyingi huja na methani pamoja na ndugu zake wazito, ethani na propani. Ya kinamasi, ya majani yaliyooza, ni methani na kaboni dioksidi, basi.

Chupa ya kwanza: methani, kilima kirefu. Kaboni dioksidi. Kisha, nyuma kabisa, kilima kidogo kikainuka. Mungu wangu! Niliona shamba likienda. Nikapima ya pili nimeuma kidole. Methani, kaboni dioksidi, halafu mstari mnyoofu. Nikashtuka: mrija! Nikapitisha mvuke wa pombe ya maabara, kilima chake kikakaa palepale pa kile kidogo. Kumbe nilikuwa nimepima ajono! Nilicheza mbele ya mashine peke yangu, bila aibu.

Nikapiga simu. "Mama, ni kinamasi tu. Usiwashe moto pale, lakini hakuna kampuni itakayokuja."

"Ngoja niweke spika. Rudia, mzee asikie."

"Ni majani yaliyooza, Mzee Omuse."

Nilisikia mguno, halafu vigelegele vikanijaa sikioni. Miaka yote nilidhani anayeleta sampuli anaomba kitu kipatikane. Siku hiyo nilijifunza kuuliza kwanza anaomba nini.

"Mama, dalali je?"

"Dalali gani? Mvua iko karibu, na shamba sijalima nikikungoja wewe. Kata simu, dada, nichukue jembe."