Neno la Siri la Mama wa Fotokopi

Wiki iliyopita nilikwenda kutoa fotokopi pale Kilwa Masoko, nikamkuta mwenye duka, mama aliyestaafu kazi ya kupiga chapa, ameikunjia kompyuta mikono ya baibui. Virusi vilikuwa vimemlia kazi zake zote, kwa hiyo alikuwa akiweka Linux, ule mfumo wa kompyuta usiouzwa, kutoka kwenye sidii aliyoletewa na mpwawe.

Foleni nzima tuliacha shida zetu tukajazana nyuma yake. Kila hatua ikipita salama, tunasema, "Alhamdulillahi!"

Ndipo mashine ikaomba neno la siri la msimamizi. Mama akapiga, kioo kikabaki kitupu, maana mfumo huu huficha neno la siri. Mtu aliyezeekea kwenye taipureta anataka aione herufi yake! Akarudia kwa kugongelea, huku akizitaja kama anayesoma imla: "P! W! E! Z! A!"

"Mwanangu, labda haijakusikia," akashauri mzee mmoja aliyeshika cheti cha kuzaliwa.

Mama akapaza sauti. Ikakubali! Tukapiga makofi na vigelegele, na hapo ndipo alipogutuka.

"Nje wote! Nalibadilisha sasa hivi!"

Tukatoka kwa adabu, tukajipanga kibarazani, chini ya dirisha lililo wazi.

Wanasema mfumo huu ni mali ya umma. Sisi umma tunajitahidi.

Jana nilirudi, nikamkuta amejishika kichwa: neno jipya amelisahau. Akatugeukia sisi wa foleni ile ile. Tukaangalia kandambili zetu. Mwishowe yule mzee akakohoa.

"Mwanangu, sisi hatukusikia kitu. Ila hebu jaribu ngisi."