Chumba cha Afia Tawiah

Afia Tawiah, fundi cherehani wa Oforikrom hapa Kumasi, alikuwa hoi hata kabla benki haijabisha hodi. Mwenye nyumba wake, Boadu, aliiweka nyumba rehani ili amzike mama yake kwa fahari: mahema barabara nzima, ng'ombe, bendi. Ndivyo tulivyo Waasante. Maiti tunamlaza pazuri, sisi wenyewe hatujui tulale wapi. Mkopo ulipomshinda, Boadu akatokomea Abidjan.

Afisa wa benki alikuja, kijana mpole mwenye tai.

"Mama, kama ulipanga kabla ya rehani, sasa sisi ndio wenye nyumba wako. Unakaa mpaka kodi uliyolipa iishe. Kama ulipanga baada yake bila idhini yetu, utatupisha."

Afia alikuwa amelipa kodi ya miaka kwa mpigo, kama tunavyolipa hapa, lakini karatasi hana. Alimpa Boadu chupa ya pombe kali ya shukrani mbele ya shahidi, wakanywa, yakaisha. Kwetu hiyo ndiyo sahihi. Na shahidi ni Mama Dufie, dada yake Boadu, anayekaa chumba cha mbele.

Boadu, hana haya mtu yule, alishampigia simu dada yake: aseme Afia amehamia juzi tu, ili nyumba iuzwe tupu kwa bei nzuri, naye abakiziwe chochote deni likishalipwa.

"Mama, sema unachojua tu," Afia alimwambia Dufie mbele ya afisa. Hata kubembeleza kulishamchosha.

Dufie alishusha pumzi. "Chupa ile mama yangu ndiye aliyeionja wa kwanza, akasema ni kali. Alikuwa hai, bwana. Ninyi mlitoa pesa za kumzika. Sasa nidanganye nini?"

Afisa akamgeukia Afia. "Basi unabaki, mama."

Afia aliketi, machozi yakamtoka.

"Na mimi je?" Dufie akauliza.

"Wewe si mpangaji, mama. Ulikaa kwa jina la ndugu yako. Mwisho wa mwezi utatoka."

Sisi majirani tuliokuwa mlangoni tuliona uchungu.

"Haya," Dufie alisema. "Mpangaji, una nafasi ya mkeka mmoja?"

Afia aliinuka, akaanza kuisukuma meza ya cherehani ukutani. "Nishikie upande huo, mama."